Uliza Muuguzi: Mnaouguza Nyumbani, Barua Zenu Nimezisoma

Toleo lililopita niligusia kwa aya mbili tu suala la kumuuguza nyumbani mtu ambaye ugonjwa wake hauponi tena. Barua zilizofuata ni nyingi kuliko za mada yoyote niliyowahi kuandika hapa. Nimezisoma zote. Nimechagua saba, kwa sababu maswali yaliyomo yamejirudia katika nyingine.

Kwa wasionifahamu, mimi ni muuguzi wa tiba shufaa, na kazi yangu inafanyika majumbani mwa wagonjwa. Tiba shufaa ni ile inayoshughulikia maumivu na mateso mengine ya mgonjwa mwenye ugonjwa mzito, awe bado anatibiwa au matibabu yamefika ukingoni, na inaihudumia familia pia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu milioni 56.8 wanaihitaji, na wanaoipata ni kama asilimia 14 tu. Wengine wote wanaachiwa ndugu zao, na ndugu hao hawakufundishwa na mtu. Ndiyo maana katika karibu kila jibu nitawahimiza jambo moja: ulizeni mapema, mchana, mambo yakiwa bado shwari. Kinachoitisha familia saa nane za usiku mara nyingi ni kitu ambacho muuguzi angeweza kuwaeleza wiki moja kabla.

Shikamoo mama. Baba yangu ana saratani ya ini. Daktari ametuambia hospitali haina zaidi ya kumfanyia, na baba mwenyewe ameomba arudi nyumbani. Kaka zangu wawili wanasema kumrudisha ni kumtupa. Mimi ndiye nitakayekaa naye na sijasomea uuguzi. Nianzie wapi?
*Binti mkubwa*

Marahaba, mwanangu. Nianze na kaka zako, kwa sababu wasiporidhika watakupigia simu kila siku wakitaka umrudishe wodini. Waeleze kwamba daktari alikuwa anazungumzia saratani yenyewe. Maumivu, kichefuchefu, kuwashwa mwili, tumbo kujaa maji, kukosa usingizi, hofu, yote hayo yana tiba, na sehemu kubwa ya tiba hiyo inafanyika nyumbani. Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kabla ya kuwa daktari, alifungua St Christopher's Hospice jijini London mwaka 1967 kwa ajili ya wagonjwa wa namna hii, na kufikia 1969 timu yake ilikuwa tayari inawafuata majumbani kwao. Kaka zako wakitaka ushahidi wa karibu zaidi, mwaka 2010 madaktari wa Boston, Marekani, walichapisha utafiti juu ya wagonjwa wa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Walioanza tiba shufaa mapema, sambamba na matibabu yao ya kawaida, waliishi kwa unafuu zaidi, na pia waliishi muda mrefu zaidi, kama miezi 11.6 kwa 8.9 ya wenzao. Sikuahidi kwamba baba atapata miezi ya ziada. Nataka kaka zako waone kwamba mtu anayehudumiwa hivi hajatupwa.

Sasa wewe. Usikubali aondolewe wodini kabla hujapata vitu vichache. Kwanza ni karatasi ya dawa inayoeleza kwa lugha ya kawaida kila dawa ni ya nini, inatolewa saa ngapi, na ipi inaongezwa akizidiwa. Pili ni namba ya simu ya mtu atakayepokea usiku. Tatu ni jibu la swali ambalo familia nyingi huona haya kuuliza: "Kwa ugonjwa huu, ni mambo gani yanaweza kutokea, na kila moja likitokea nifanye nini?" Kwa saratani ya ini mwulize daktari kuhusu tumbo kujaa maji, kusinzia kupita kiasi, kuchanganyikiwa, na kutokwa damu. Mwulize pia dawa za maumivu ambazo usimpe. Ibuprofeni na dawa za jamii yake hazimfai mgonjwa wa namna hii, na hata parasetamo lazima kipimo chake kiwekwe na daktari. Choo kisifunge hata kidogo, maana kwa mtu mwenye ini bovu kufunga choo kunaweza kumchanganya akili.

Kisha mwombe muuguzi wa wodi akufundishe kumgeuza. Usitazame tu. Mgeuze wewe, yeye akutazame na kukusahihisha. Mimi huwa siondoki nyumba ya mgonjwa mpya mpaka anayemuuguza amegeuza mwenyewe mbele yangu, pande zote mbili, kwa kutumia shuka la kati lililokunjwa na kulazwa toka mabegani hadi mapajani. Shuka hilo ndilo linalobeba uzito badala ya mgongo wako. Kumvuta mgonjwa kwa makwapa humuumiza yeye na kukuvunja kiuno wewe.

Kitanda kiwekwe mahali unapoweza kukizunguka pande zote mbili, na kama kuna namna, kiinuliwe kifike usawa wa nyonga zako. Usimfiche chumba cha nyuma kwa kudhani anahitaji kimya. Mwulize. Wengi wanataka kusikia nyumba ikiendelea.

Kwa ngozi, kanuni ya kawaida ni kumbadilisha ulalo kila baada ya saa 2 mchana, na usiku kwa kadiri muuguzi atakavyoelekeza kulingana na godoro na hali yake. Usimlaze ubavu kabisa, maana uzito wote utakaa kwenye nyonga. Mwegemeze kidogo kwa mto nyuma ya mgongo. Chini ya ndama za miguu weka mto mwingine ili visigino vining'inie bila kugusa godoro. Kila unapomwosha tazama visigino, makalio sehemu ya juu karibu na uti wa mgongo, nyonga, viwiko, kisogo na masikio. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Tafuta pale palipoiva na kuwa peusi zaidi, penye joto, au pagumu kuliko pembeni yake. Ukipaona usipasugue hata kwa mafuta, kwa sababu kusugua kunaongeza jeraha chini ya ngozi. Ondoa uzito hapo na unipigie simu, au umpigie muuguzi wenu.

Na jambo la mwisho kwa kaka zako: mlango wa hospitali haujafungwa. Baba akivuja damu nyingi, akivunjika mfupa, au maumivu yakikataa kutulia, anaweza kurudi kwa siku chache kisha akaja tena nyumbani. Mwulizeni yeye mwenyewe sasa, akili ikiwa timamu, angependa nini ikifika hapo, na mliandike.

Mama muuguzi, mama yangu ana maumivu makali ya mifupa. Ameandikiwa mofini ya maji. Shangazi ameificha chupa, anasema hiyo ni dawa ya kumharakishia mtu kifo, na ukiizoea huwezi kuiacha. Mama naye anasema atainywa maumivu yakizidi. Usiku analia. Nifanye nini?
*Kitinda mimba*

Mwanangu, mwendee shangazi yako kwa heshima leo hii, umsomee jibu hili. Najua anampenda ndugu yake. Anachokiogopa hakipo, na kinachomtesa mgonjwa kipo kila usiku.

Mofini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha hiyo ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1977. Mwaka 1986 shirika hilo hilo lilitoa mwongozo wa maumivu ya saratani ambao sisi wauguzi bado tunaufuata katika mambo mawili makubwa: dawa itolewe kwa mdomo maadamu mgonjwa anaweza kumeza, na itolewe kwa saa. Hapo kwenye saa ndipo mama yako anapokosea kwa kusubiri. Mofini ya maji hufanya kazi kwa kama saa 4. Ukitoa dozi inayofuata kabla ile ya kwanza haijaisha, maumivu hayapati nafasi ya kuinuka. Ukingoja mpaka analia, itahitajika dawa nyingi zaidi kuyashusha, na yeye atakuwa ameshateseka bure. Kwa hiyo dozi ni kila baada ya saa 4, kwa kipimo alichoandika daktari, hata kama saa hiyo anasema hajambo. Hajambo kwa sababu ya dawa. Madaktari wengi huongeza dozi kubwa kiasi wakati wa kulala ili mgonjwa na anayemuuguza wapate usingizi. Uliza kama hilo linamfaa.

Daktari anatakiwa pia aandike dozi ya akiba, ya kutoa maumivu yakichomoza katikati. Ukiitoa, iandike kwenye daftari pamoja na saa. Ikiwa kwa siku umetoa akiba mara tatu au nne, piga simu. Maana yake kipimo cha msingi ni kidogo na kinahitaji kupandishwa, jambo ambalo ni la kawaida kabisa.

Kuhusu kuharakisha kifo: mofini iliyoanzishwa kwa kipimo kidogo na kupandishwa taratibu kufuata maumivu haifupishi maisha. Nimewaona wagonjwa wakiinywa kwa miezi mingi huku wakikaa kitini na kusimulia habari. Kuhusu uteja: mwili wa mtu anayeitumia kwa muda huizoea, kwa hiyo haikatizwi ghafla. Lakini kuizoea huko si ule uraibu anaouogopa shangazi. Mgonjwa wa maumivu anataka maumivu yaishe, na maumivu yakipungua kwa njia nyingine, kwa mfano mionzi ya mifupa, kipimo hushushwa hatua kwa hatua bila shida.

Yapo mambo ya kweli ya kuangalia, na ndiyo ningependa shangazi ayaweke akilini. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia, kwa kiasi fulani kwa sababu hajalala sawasawa kwa wiki nyingi. Anaweza kupata kichefuchefu, na kina dawa, nacho huisha. Choo kitafunga, na hilo haliishi lenyewe, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ile ile mofini inapoanza. Kama daktari hakuiandika, mrudie. Lakini ukimwona haamki hata ukimtikisa na kumwita, anapumua polepole mno, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya pini, usitoe dozi inayofuata na upige simu mara moja. Hilo huwapata zaidi wenye figo dhaifu, kwa kuwa dawa hujikusanya mwilini. Na kama siku moja atabadilishiwa vidonge vya kutoa dawa taratibu, visisagwe wala kutafunwa, maana dawa ya saa 12 itaingia kwa mkupuo.

Chupa iwekwe kwenye kabati lenye ufunguo, mbali na watoto. Ufunguo uwe kwako na kwa shangazi.

Mke wangu hali. Nimejaribu kila kitu. Ananigeuzia uso, mimi nabembeleza, mwisho tunagombana, naye anatapika. Nataka awekewe mpira wa kulishia au dripu. Nashindwa kumtazama akifa kwa njaa.
*Mume*

Kaka yangu, pole sana. Katika miaka yote ya kazi hii, chakula ndicho nilichoona kikiwaumiza waume, wake na wazazi kuliko hata sindano. Kumlisha mtu ni kumpenda, na akikataa unahisi umekataliwa wewe.

Mke wako hafi kwa njaa. Ugonjwa umefika mahali ambapo mwili hauwezi tena kutumia chakula, na kwa hiyo umeacha kukitaka. Ukiulazimisha, tumbo linakirudisha, au kinampalia na kuingia kwenye mapafu. Wagonjwa wengi niliowauliza wakati huo walisema hawasikii njaa kabisa. Wanachokisikia ni ukavu wa mdomo.

Dripu, basi. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2013 uliwahusu wagonjwa wa saratani waliokuwa karibu na mwisho. Kundi moja lilipewa lita 1 ya maji ya chumvi kila siku kwa sindano ya chini ya ngozi, kundi lingine mililita 100 tu. Hawakutofautiana, si kwa uchovu, si kwa kuchanganyikiwa, si kwa muda wa kuishi. Mwili unaofunga kazi zake haujui upeleke wapi maji ya ziada, hivyo huyaacha miguuni na kifuani. Wapo wagonjwa ambao dripu huwasaidia, kwa mfano aliyeishiwa maji kwa kuhara na ambaye bado ana wiki nyingi mbele. Zungumza na daktari kuhusu mkeo mahususi, lakini nenda ukijua kwamba kutowekewa si kunyimwa.

Kazi ya mikono yako ipo bado, nayo ni mdomo wake. Kila baada ya saa moja au mbili akiwa macho, mloweshe midomo na ulimi kwa kitambaa safi laini chenye maji au kwa sponji ndogo ya kijiti. Meno yasafishwe kwa mswaki laini mara mbili kwa siku. Midomo ipakwe mafuta. Ukiona utando mweupe usiotoka, huo ni ukungu wa mdomoni, unauma na una dawa. Akitaka kitu kwa kijiko, mwinue kwanza, umpe kidogo, usubiri ameze. Vijiko viwili alivyovitamani vinatosha. Na muda ule mliokuwa mkigombana kwa sahani, kaa naye.

Watoto wetu wana miaka 5 na 9. Bibi yao anakufa ndani ya nyumba hii. Ndugu wanasema wapelekwe kwingine na waambiwe bibi amesafiri. Ni sawa?
*Mama wa wawili*

Hapana, dada yangu. Watoto wameshajua kuna jambo, na wasipoelezwa watajaza pengo wenyewe, mara nyingi kwa kudhani wamelisababisha. Waambie bibi anaumwa sana, dawa hazitamponya, na atakufa. Tumia neno hilo hilo. Ukisema "atalala" au "atasafiri", yule wa miaka 5 ataogopa kulala na ataogopa wewe ukisafiri. Waambie ugonjwa hauambukizi, ikiwa ndivyo, na kwamba hakuna walichosema wala kufanya kilichouleta. Waache waingie chumbani wakitaka na watoke wakichoka. Mkubwa anaweza kupewa kazi ndogo, kama kumpaka bibi mafuta mikononi. Kama wanakwenda shule, mwalimu wao aambiwe.

Shikamoo. Mume wangu sasa analala karibu siku nzima. Naishi naye peke yangu, watoto wako mbali. Nimesikia mtu akikaribia kufa hukoroma kwa kutisha. Nitajuaje kwamba muda umefika, na nifanye nini nikiwa peke yangu usiku?
*Mke wa miaka mingi*

Marahaba, dada yangu, na asante kwa kuuliza mapema. Jibu lako litakuwa refu kwa sababu nataka kila kitu humu kikukute unakijua.

Kulala siku nzima ndiko mwanzo. Siku zitakazofuata ataacha kumeza vidonge. Hapo usimlazimishe wala usimmiminie kitu mdomoni. Mpigie muuguzi, na hili lipangwe sasa hivi kabla halijafika. Dawa za muhimu, yaani za maumivu, kichefuchefu, mahangaiko na makohozi, zinaweza kutolewa chini ya ulimi, au kwa sindano ndogo inayobaki chini ya ngozi, au kwa kipampu kidogo cha betri kinachosukuma dawa taratibu kwa saa 24. Ziwepo nyumbani tayari, na kipimo kimeandikwa.

Mkojo utapungua na kuwa mweusi. Mikono na miguu itapoa, magoti na nyayo zinaweza kupata mabaka. Kama ngozi yake ni nyeusi, utaona mabadiliko vizuri zaidi kwenye kucha, midomo na viganja. Mfunike kwa shuka jepesi, maana ndani huenda anahisi joto. Macho yanaweza kubaki nusu wazi.

Anaweza kuweweseka, akazungumza na watu waliokufa zamani. Kama yeye hana hofu, usibishane naye wala usimrekebishe. Lakini akianza kuhangaika, kuvuta shuka, kutaka kutoka kitandani, usidhani moja kwa moja kwamba ndiyo mauti. Papasa chini ya kitovu. Kama pamejaa na kuwa pagumu, mkojo umefungana, na mpira wa mkojo utamtuliza kwa dakika chache. Choo kilichofunga humsumbua mtu vivyo hivyo, na ulalo mbaya, na maumivu asiyoweza tena kuyasema. Muuguzi aondoe hayo kwanza, kisha kama bado anahangaika ipo dawa ya kumtuliza.

Sasa pumzi. Itabadilika mwendo: itakwenda haraka, itapungua, itasimama kabisa kwa sekunde kadhaa, pengine nusu dakika au zaidi, halafu itaanza upya. Inaweza kwenda hivyo kwa saa nyingi. Akionekana kukosa hewa akiwa bado macho, mwinue kwa mito na uelekeze feni usoni pake. Upepo shavuni hupunguza kweli ile hali ya kubanwa. Kuhusu huo mkoromo ulioambiwa, ni mate na makohozi yaliyokaa kooni kwa mtu ambaye hana nguvu tena ya kumeza wala kukohoa. Sauti yake inasumbua sana wanaosikiliza. Yeye, akiwa amezama kiasi hicho, hazami kwenye maji wala hakabwi. Mgeuze ubavu, kichwa kiinuke kidogo, yale yaliyo karibu yatatoka yenyewe. Dawa ya kukausha makohozi hufanya kazi vizuri ikitolewa mapema, kwa hiyo usingoje sauti ikue.

Endelea kuzungumza naye. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walipima mawimbi ya ubongo ya wagonjwa waliokuwa katika saa zao za mwisho, hawaitiki tena, na baadhi yao ubongo uliitikia sauti kama ule wa watu wazima wenye afya. Kwa hiyo chochote ulichotaka kumwambia, mwambie. Watoto walio mbali wapigiwe simu na simu iwekwe sikioni pake.

Pumzi ikikoma na isirudi, huna haraka yoyote. Hilo ningependa ulishike. Si dharura. Tazama saa, uiandike, kaa kadiri unavyotaka, kisha piga ile namba mtu aje athibitishe. Lakini mweleweshane sasa na daktari, kwa maandishi, kama mume wako anataka asibonyezwe kifua na kushtuliwa moyo, na karatasi hiyo ikae mahali inapoonekana. Bila karatasi, gari la wagonjwa likiitwa na jirani, wahudumu wanaweza kulazimika kuanza.

Na kama atakata roho wakati wewe umetoka kwenda kunawa uso, usijilaumu. Hutokea mara nyingi sana, na kwa watu ambao hawakuondoka kitandani siku nzima. Wala usikae peke yako kama unaweza kuepuka. Chagua leo mtu mmoja, jirani au rafiki, umwombe ruhusa ya kumwamsha usiku wowote.

Mimi ndiye mkwe, na mama mkwe wangu yuko kwangu kwa mwezi wa saba. Namwosha, namlisha, namgeuza. Shemeji zangu hupiga simu kuuliza kwa nini amekonda. Nimeanza kumchukia mgonjwa na najiona mwovu.
*Mkwe aliyechoka*

Mwanangu, si mwovu. Umechoka, na uchovu wa kukosa usingizi kwa miezi humfanya mtu yeyote amchukie anayemwamsha. Ninachokiona kiovu katika barua yako ni hizo simu.

Waite shemeji zako pamoja, ana kwa ana au kwa simu ya pamoja, na mwombe muuguzi awepo. Huwa nafanya hivyo. Naleta karatasi yenye saa 24 za siku ya mgonjwa, tunaandika kila kazi na nani anaifanya, na jina moja likionekana mistari yote hakuna haja ya hotuba. Usiombe "msaada". Omba kitu chenye siku na saa: usiku wa Ijumaa na Jumamosi ni wa fulani, kufua ni kwa fulani, aliye mbali alipe mtu wa kukaa naye mchana mara mbili kwa wiki. Mumeo awe wa kwanza kuandikwa, kwa kuwa ni mama yake. Mgonjwa akikataa kuoshwa na mwingine, aelezwe kwa upole kwamba wewe unahitaji kulala ndipo uweze kuendelea. Wagonjwa wengi wanakubali mapema kuliko ndugu zao.

Kama hakuna atakayejitokeza, uliza kituo chenu cha tiba shufaa kama wanaweza kumlaza kwa siku chache ili wewe upumzike. Huduma hiyo ipo mahali pengi na watu hawaiombi kwa sababu wanaona aibu. Na ukiona hulali hata unapopata nafasi, unalia bila sababu, au umewaza kujidhuru au kumdhuru yeye, hiyo ni ya kumwona daktari wiki hii, kwa ajili yako wewe.

Nilimpa baba dozi yake ya mofini saa tatu usiku. Saa nne kasoro akafa. Ni mwezi wa pili sasa, sijamwambia mtu. Je, mimi ndiye niliyemuua?
*Mwana*

Hapana, mwanangu.

Umeandika kwamba dozi ilikuwa ile ile aliyokuwa akinywa kwa wiki tatu, kwamba alikuwa hajitambui tangu asubuhi, miguu imepoa na pumzi inakatika. Mwili wake ulikuwa unafika mwisho kwa ugonjwa wake. Mtu anayepewa dawa kila baada ya saa 4, saa yoyote atakayokufa itakuwa karibu na dozi fulani. Mtu fulani lazima awe ndiye aliyeitoa ya mwisho, na usiku ule ulikuwa wewe kwa sababu wewe ndiye uliyekuwepo. Ulichomfanyia ni kumwondolea maumivu katika saa yake ya mwisho.

Usibaki na swali hili peke yako. Rudi kwa muuguzi aliyekuwa akija kwenu, mwombe akae nawe mpitie daftari la dawa mstari kwa mstari: saa, kipimo, hali yake siku hiyo. Kutunza waliofiwa ni sehemu ya kazi yetu, na kifo cha mgonjwa hakiifungi. Huwa napanga kuitembelea familia wiki chache baada ya mazishi, na karibu kila mara kuna mtu mmoja anayenisindikiza hadi mlangoni ili aulize swali hili hili ulilouliza. Kama huwezi kumpata muuguzi huyo, mletee daftari daktari yeyote unayemwamini. Nenda kabla ya mwisho wa wiki hii, na umchukue ndugu mmoja mwende pamoja.